Haraka ya Aliyekaa

Tarehe 3 Februari

Kaka,

Salamu zote nimeshazigawa kwa majirani, wewe utachukua zilizobaki: u mzima? Sisi wazima. Mama anasema gita halijazi tumbo, ule.

Barua yako ilinichekesha halafu ikanikera. Eti kufua shuka za hoteli ni kazi ya kupumzika! Njoo ujaribu basi, wewe unayelalia hizo shuka. Mama yako anasimama kwenye pasi ya roli kutwa nzima. Shuka inaingia mbichi upande wake, roli la moto linaivuta, inatokea kavu upande wetu sisi wakunjaji. Tunakunja wawili wawili, mimi na Mama Pacha tunatazamana hivyo tangu asubuhi, mpaka namjua kila kipele cha usoni.

Wimbo uliouliza ndio huu. Sijui aliutunga nani, mama aliukuta hapo alipoajiriwa. Wa upande huu anaanza, wa upande ule anajibu:

Shika pembe. Nimeshika.
Vuta kwako. Nimevuta.
Haraka ni ya nani? Ya aliyekaa.

Hapo kwenye "ya aliyekaa" tunakunja mara ya mwisho na kuweka. Mikono inafuata wimbo, kaka, hata ukitaka kuizuia haikusikii. Ndiyo maana huu wimbo ndio bosi wetu wa kweli. Tukiimba kwa kasi, shuka zinakwenda. Tukiimba polepole, zinarundikana kwenye roli mpaka wasimamishe mashine.

Sasa hivi tunaimba polepole. Msimamizi mpya, tunamwita Kidole kwa sababu haongei, ananyoosha kidole tu, amewaambia mafundi wang'oe kile chuma cha kinga kilichokuwa kinazuia vidole visifuate shuka ndani ya roli. Eti kinapunguza mwendo. Tulimwomba akirudishe, akacheka. Basi na sisi tukaanza kuimba kama tunabembeleza mtoto. Anapanda na kushuka kutafuta nani anaongoza ili amfukuze. Hampati! Leo wimbo umeanzia meza ya mlangoni, kesho utaanzia kwenye vikapu. Hauna kiongozi wimbo huu.

Nimekuwekea kanda. Nilikopa redio ya Mama Pacha nikaificha chini ya shuka nikarekodi. Ni ya kusikiliza wewe, uwe unatukumbuka.

Dada yako,
Chiriku

Mama amenipokonya kalamu: Mwanangu, lala mapema. Usiwe na marafiki wengi. Mama.


Tarehe 20 Februari

Chiriku wangu, mdomo usiopoa,

Kanda imefika na nimeisikiliza mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nimeoa. Jamani, ninyi wanawake mnaimba! Ule mvuke unaopumua nyuma, na yule anayekohoa katikati, na sauti ya mama inayokuja kutoka mbali kama hataki lakini anataka. Nililia. Usimwambie mtu.

Sasa nisikilize. Mimi hapa kila Ijumaa napigia watu wanaokula. Hawageuki. Ninaweza kufia jukwaani wakaomba chumvi. Miaka yote hii napiga nyimbo za mapenzi ambazo hata aliyezitunga hakupenda mtu, na kumbe wimbo wenyewe uko nyumbani, mama yangu ndiye anauimba! Nikakaa na gita nikauchezea kidogo. Mwenye Bendi alipita koridoni, akasimama, akarudi. Yule bwana hajawahi kurudi kwa ajili ya kitu nilichopiga.

Sisemi zaidi. Ninyi mnapigana na Kidole ndani ya kuta nne, hakuna anayewasikia. Wimbo ukitoka nje je? Ukiimbwa na watu msiowajua? Nani atawafukuza watu wote? Fikiria hilo. Nina zawadi yenu, subirini tu.

Ila mnaimba polepole mno, dada. Kwa mwendo ule hata kiuno cha kuku hakitikisiki.

Mwambie mama silali sana lakini nina sababu nzuri.

Kaka yako


Tarehe 14 Machi

Kaka,

Zawadi yako tumeipata. Tumeipata redioni, dukani, kwa kinyozi, na jana kwa watoto wa jirani wakiruka kamba.

Mara ya kwanza nilikuwa napimiwa sukari dukani. Nikasikia "Shika pembe," nikapiga kelele, "Ni kaka yangu huyo!" Mwenye duka akaongeza sauti, watu wakanishangilia kama ni mimi niliyeimba. Nilifurahi, sitakudanganya, nilivimba kichwa. Halafu ikafika "haraka ni ya nani," nikafungua mdomo kujibu, na hao wasichana wenu wa bendi wakajibu: "Ni yetu sote!"

Yetu sote? Kaka! Nani alikuambia haraka ni yetu?

Na huo mwendo. Mmeukimbiza wimbo kama umeiba kitu.

Subiri, hujasikia bado. Jumatatu tumeingia kazini tukakuta spika kila kona ya ukumbi. Kidole amesimama katikati, kwa mara ya kwanza anatabasamu. Akanyoosha kidole, ukaanza. Wimbo wetu. Tulicheka mwanzoni, wengine wakacheza. Baadaye nikamtazama Mama Pacha naye akanitazama, mikono yetu ilikuwa inakwenda kama ya wezi. Nilijaribu kuipunguza, naapa, sikuweza. Hii mikono imefundishwa kwa wimbo huu miaka, inausikia inautii. Tulijaribu kuimba wetu juu yake kwa mwendo wetu, tukavurugana, shuka zikaanguka, spika hazichoki wala hazikohoi. Kufikia chakula cha mchana tulikuwa tumekunja za kutwa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wimbo wetu ulivyotufanyia.

Kutwa nzima unapigwa. Ukiisha, unaanza.

Waambie wautoe redioni. Au waurekebishe. Fanya kitu, wewe ndiye uliyeushika mkono ukautoa nje.

Mama hajambo. Ana kazi nyingi, ndiyo maana hajaandika chochote hapa chini.

Chiriku


Tarehe 30 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Unadhani nilitaka hivyo? Mimi nilipiga gita. Aliyeongeza mwendo ni Mwenye Bendi, aliyebadilisha jibu ni bwana wa studio, alisema "ya aliyekaa" litawaudhi wakubwa waliokaa vitini na redio hazitaupiga. Nilisema jambo. Sikusema kwa sauti kubwa, lakini nilisema.

Na usiniwekee makosa peke yake mezani, weka na haya. Wiki iliyopita wanafunzi wa chuo cha hapa waliandamana, wenzao walikuwa wamefukuzwa kwa kuuliza maswali. Walikuja mtaa mzima, mikono mitupu, na unajua walikuwa wanaimba nini? Haraka ni ya nani? Ni yetu sote! Kwa mwendo uleule unaoutukana. Kwao haraka ni yao kweli, Chiriku, wamechoka kusubiri. Askari walijipanga na wale watoto hawakupungua kasi. Nilisimama kwenye ngazi za hoteli nimevaa shati la maua la bendi, na msichana mmoja akanipigia kelele, "Kaka, teremka!" Sikuteremka. Lakini waliofukuzwa wamerudishwa darasani tangu juzi. Huo nao ni wimbo wenu. Ungebaki chini ya shuka pale kwenu ungefanya hayo?

Sijui nifanye nini. Natembea chumbani huku na huku mpaka wa chini amegonga dari kwa ufagio. Kuuzuia siwezi, nimetia sahihi karatasi, na kanda yenu waliichukua studio wakarekodi juu yake tangazo la sabuni. Ndiyo, la sabuni. Usicheke.

Mama ana kazi gani hiyo inayomzuia mstari mmoja? Hata alipokuwa na homa ile mbaya aliniandikia nisivae viatu bila soksi. Amenikasirikia? Mwambie anitukane kwa maandishi.

Kaka yako


Tarehe 11 Aprili

Kaka,

Mama alinikataza. Alisema, "Ukimwambia ataacha kazi aje hapa kukaa kitako anitazame." Nimemtii mpaka nimechoka.

Mkono wake wa kulia uliingia kwenye roli. Siku ileile ya spika, baada ya chakula. Shuka zilikuwa zinakuja moja juu ya nyingine, yeye analisha kwa mwendo wa wimbo, na kinga haipo. Vidole vilifuata shuka. Mama Pacha ndiye aliyezima mashine, mimi nilikuwa naimba. Nilikuwa nimeanza kuimba na spika bila kujua, kaka, hilo ndilo linaloniuma.

Mkono upo. Vidole viwili havitakunjika tena. Daktari anasema ana bahati, mama akamuuliza, "Bahati ya nani?" Yuko nyumbani, anajifunza kuchana nywele kwa kushoto na kugombana na kila kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia.

Kiwanda kimesema alizembea. Spika zinaendelea.

Na kuna hili. Wamejenga ukumbi mpya, wanafanya sherehe, Mkurugenzi mwenyewe anakuja. Ubaoni wameandika bendi itakayotumbuiza. Ni yenu. Ulikuwa unajua?

Chiriku


Tarehe 19 Aprili

Dada yangu,

Kuhusu mama sijui nianzie wapi. Nimeanza karatasi nne nikazichana. Ninapofunga macho nausikia wimbo, na ninajua ni mimi niliyeutoa chini ya shuka.

Sikujua kuhusu sherehe. Mwenye Bendi alikuwa ameandika "shughuli ya kampuni" tu. Nilimwambia siendi. Akasema sawa, nisiende, atatafuta mpiga gita mwingine na wimbo utapigwa vilevile.

Kwa hiyo nitakuja. Mwanzo wa wimbo ni wangu peke yangu, gita na sauti, kabla ngoma hazijaingia. Nikiuanza polepole, mpiga ngoma hana pa kuukimbiza, atanifuata au aache fimbo. Na nitauliza swali mara moja tu. Mkijibu ninyi, jibu lenu, mbele ya Mkurugenzi na wageni wake, nani atasema wimbo huu ni wa spika? Watu wote wa ukumbini watasikia jibu la kweli ni lipi. Mwenye Bendi atanifukuza, amekwishatuonya kwamba anayegusa wimbo huo aondoke na viatu vyake. Na anifukuze.

Lakini nisaidie. Mwendo wenyewe umenipotea. Kanda sina, na kichwani umebaki ule wetu wa redioni tu, nikijaribu kuupunguza unakimbia wenyewe. Mlikuwa mnaimba polepole kiasi gani? Muulize mama.

Kaka


Tarehe 28 Aprili

Kaka,

Nimemuuliza. Amegeukia ukutani. Baadaye akasema, "Aliyeuharibu autengeneze."

Mimi sina namna ya kukupimia mwendo kwenye karatasi. Fikiria shuka mbichi, nzito, na mtu asiyekuwa na hamu ya kumfurahisha mtu. Basi ni hapo.

Tumekubaliana wote, mpaka wa vikapu. Uliza, tutajibu.

Chiriku


Tarehe 12 Mei

Chiriku,

Hongereni.

Nimeuliza haraka ni ya nani, ukumbi mzima umejaa ninyi, mistari kwa mistari na sare zenu za bluu, na hakuna aliyejibu. Hata mmoja! Nikangoja. Nikapiga tena kile kipande, nikauliza tena. Nikasikia mtu anahamisha kiti. Mkurugenzi akatazama saa. Mpiga ngoma akaweka fimbo chini. Nimewahi kupigia watu wanaokula, lakini sijawahi kupigia watu wangu mwenyewe wakaniangalia kama nimekosea nyumba.

Nilimwona mama safu ya mbele, mkono ameufunika kwa mtandio. Niliposhindwa kumtazama ndipo mikono yangu ilipoanza kutetemeka, na mwendo ukazidi kulala, mpaka nilikuwa nabandika noti moja moja kama mtoto. Haukuwa hata wimbo wenu. Ulikuwa maombolezo ya mtu mmoja.

Mwenye Bendi hakupandisha hata sauti. Alinipa begi langu mlangoni. Sasa nimerudi huku, nimejibanza kwa fundi redio mmoja, nalala katikati ya redio zilizokufa, na ile moja iliyo hai inaimba ule mnaoujua.

Mliniambia mtajibu. Wewe uliniambia. Nimepoteza kazi, sijali, nilikuwa nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa kuachwa pale juu. Sitaki kujua mliogopa nini. Nimewaza kuuza gita, jana nililifikisha mpaka mlangoni kwa mnunuzi.

Msalimie mama, kama anapokea salamu zangu.

Kaka


Tarehe 27 Mei

Kaka,

Usiuze kitu. Kaa chini usome mpaka mwisho, na usitembeetembee.

Ulipokuwa ukitutazama sisi hukuwatazama waliosimama ukutani. Kila mwisho wa safu Kidole aliweka mtu, si wa kutukaribisha, wa kutazama midomo. Tulikuwa hatujawahi kuimba tumekaa, tumetulia, tumepangwa kwa majina, uso wa kila mtu unaonekana. Kule kazini wimbo unaanzia popote, una mvuke, una mashine, nani atajua? Pale wa kwanza kufungua mdomo angekuwa kiongozi, na wimbo huu haukuwahi kuwa na kiongozi. Ulitujengea jukwaa, kaka, na wewe na mimi hatukufikiri kwamba jukwaa linahitaji mtu wa kusimama juu yake. Uliuliza mara ya kwanza, Mama Pacha akanibana kidole. Uliuliza mara ya pili, ulimi wangu ukawa mzito kama shuka mbichi. Niliogopa. Naandika kwa mkono wangu: niliogopa, nikakuacha, na niliporudi nyumbani sikuweza kula.

Jumatatu tukaingia kazini kila mtu anatazama sakafu. Spika zikawashwa. Wimbo wenu wa redioni, mbio zilezile. Hatukuimba. Hatukuwa na uso wa kuimba. Mama Pacha akashika pembe, nami nikashika. Akavuta.

Kaka, alivuta kwa mwendo wako.

Si wa redioni wala wetu wa zamani. Ule wako wa jukwaani, uliolala, wa mikono iliyokuwa inatetemeka. Nilidhani amechoka. Nikageuka, meza ya mlangoni wanakunja hivyohivyo. Wa vikapu hivyohivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulikuwa tumekusikiliza kimya ukumbi mzima, mara mbili, midomo imefungwa na hatuna pa kuuweka, ukashuka mikononi. Spika zinapiga kelele "ni yetu sote," na shuka zinakunjwa taratibu, hakuna mdomo unaofunguka. Kidole akaongeza sauti. Akaongeza tena mpaka spika ya kona ikaanza kukoroma. Akazunguka meza zote akitazama midomo, na midomo imefungwa! Akanyoosha kidole, akakirudisha, hana wa kumnyooshea. Ungekuwepo ungecheka mpaka ungelala chini.

Shuka zikarundikana kwenye roli mpaka likazimwa. Jumanne likazimwa. Hoteli zikaanza kupiga simu kuuliza shuka. Wiki ya pili Mkurugenzi akaja bila sherehe, akasimama pale mama alipokuwa anasimama, akatazama roli kwa muda, akauliza kile chuma kiko wapi. Kilikuwa stoo, nyuma ya ndoo. Mafundi wamekifunga Alhamisi. Spika bado zipo, lakini zimezimwa, na wimbo wa redioni tunausikia kwa kinyozi tu, huko uko na kazi zake.

Suala la mama bado. Wanasema alizembea, sisi tunasema hapana, na mpaka waseme hapana shuka zitakwenda hivyohivyo. Tumewaambia. Hawajui nani amewaambia.

Mama hajakusamehe, nisikudanganye. Ukija utakaa naye chumba kimoja na utaona shida. Lakini njoo, huko kwa redio zilizokufa unafanya nini? Jana asubuhi nilimkuta uani anafundisha mkono wa kushoto kukunja. Pembe moja ameibana kwa meno, na anaimba kwa pua, kwa mwendo wako. Mama aliyeimba wimbo huu kabla sijazaliwa, ameacha mwendo wake amechukua wako. Nikasema, "Mama, huo ni wa kaka." Akatoa shuka mdomoni.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Njoo ushike upande ule."

Dada yako,
Chiriku